Mbwa wetu tutamfanya nini? Duane, chanjo na karatasi za mnyama kwa wanaohama kutoka Goma



Maswali yanayotufikia kutoka parokia juu ya kuhama ni mengi, na karibu yote ni ya watu: viza, vyeti vya kuzaliwa, barua ya kanisa, shule ya watoto. Lakini kuna swali moja ambalo kwa kawaida mtoto huliuliza kabla ya mzazi: mbwa wetu tutamfanya nini? Baba amepata kazi Kampala, au mama amekubaliwa kuungana na mume wake Ubelgiji, au familia imeitwa kwenda Marekani baada ya miaka mingi ya kungoja, na pale uani kuna mbwa aliyelinda parseli tangu mtoto huyo hajajua kutembea.

Tunajua wako watakaotikisa kichwa. Katika jimbo ambalo watu wamelala chini ya shitingi mwaka baada ya mwaka, kuandika juu ya mbwa na paka kunaonekana kama anasa. Tumeandika hata hivyo, kwa sababu mbili. Karatasi za mnyama zikikosewa, safari ya watu nayo huharibika, na pesa iliyokusanywa na ukoo mzima hupotea. Tena, mbwa asiyepangiwa mahali pa kwenda huachwa, na mbwa aliyeachwa ni hatari kwa watoto wa avenyu nzima. Kitabu cha Yona kinaisha kwa Mungu kuwataja wanyama wa Ninawi pamoja na watu wa mji ule, kwa hiyo hatuoni haya kuwataja nasi.

Kinachozuia mbwa mpakani

Watu wengi hufikiri kwamba duane inataka ushuru juu ya mnyama. Kwa mnyama wa nyumbani anayefuata mwenyewe, mara nyingi ushuru si tatizo. Sheria ya Umoja wa Ulaya, kwa mfano, inamhesabu mnyama wa nyumbani kati ya mali binafsi za mtu anayehamisha makao. Mtu aliyeishi nje ya Ulaya miezi 12 mfululizo au zaidi anaweza kuingiza mali zake bila ushuru, kama alikuwa nazo kwa miezi 6 kabla ya kuhama na akiziingiza ndani ya miezi 12 tangu aanze kukaa huko. Sharti moja husahauliwa: kwa miezi 12 inayofuata, mali hizo haziuzwi wala hazikopeshwi wala hawapewi watu wengine bila kuiarifu duane. Uingereza nayo ina msamaha wa namna hiyo kwa wanaohamia, nao unaombwa kabla ya mizigo kufika.

Kinachomzuia mbwa ni kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita raje. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unaua watu kama 59,000 kila mwaka, karibu wote katika Afrika na Asia, na kwamba katika vifo 100 vya watu, 99 hutokana na mbwa. Ugonjwa ukishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Uingereza iliuondoa katika mbwa wake mwaka 1922, na kwa miaka mingi baadaye kila mbwa aliyetoka nje alifungiwa karantini ya miezi 6. Nchi iliyopigania jambo kwa namna hiyo haitamfungulia mlango mbwa wa Goma kwa sababu tu ana macho mazuri.

Tukielewa hivyo, masharti mengine hayaonekani tena kama ukatili wa wazungu wa ofisini. Mbwa aliyeumwa na mwenye kichaa anaweza kukaa wiki nyingi, hata miezi, akila vizuri na kucheza na watoto kabla ugonjwa haujatokea. Daktari akimtazama leo na kusema ni mzima, hasemi uongo, lakini hawezi kujua. Ndiyo maana nchi hizo hudai chanjo, kisha damu ipimwe kuona kama chanjo imeshika, kisha mbwa angojewe.

Utaratibu wa siku

Hapa ndipo familia nyingi hukwama, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Jambo la kwanza ni chipu. Ni kitu kidogo kama punje ya mchele kinachoingizwa kwa sindano chini ya ngozi ya shingo, chenye namba ya tarakimu 15 inayosomwa kwa mashine. Mnyama haumii kuliko anavyoumia akichanjwa. Chipu lazima iwekwe kabla ya chanjo ya kichaa, au siku ileile kabla ya sindano ya chanjo. Ukimchanja kwanza na kuweka chipu baadaye, kwa Ulaya chanjo hiyo ni kama haikufanyika, kwa sababu hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba mbwa aliyechanjwa ndiye huyu. Tumeona kitabu cha chanjo kilichojazwa vizuri kwa miaka 3, mihuri yote ipo, na bado mwenye mbwa alilazimika kuanza upya. Muulize veterineri wako mapema kama ana chipu zenyewe na mashine ya kuzisoma. Kama hana, aagize. Usikubali kuambiwa kwamba chanjo ianze na chipu itafuata.

Kwa Umoja wa Ulaya, mbwa au paka anachanjwa akiwa na wiki 12 au zaidi. Baada ya siku 30 au zaidi tangu chanjo, veterineri anachukua damu, na damu hiyo inatumwa kwenye maabara iliyokubaliwa na Ulaya. Goma hakuna maabara ya namna hiyo. Iliyo karibu kidogo nasi ni ya Onderstepoort, Afrika Kusini. Matokeo yanapaswa kufika 0.5 au zaidi kwa kipimo cha kimataifa kwa kila mililita. Kisha unahesabu miezi 3, na hesabu inaanza siku damu ilipochukuliwa, si siku majibu yalipofika. Kongo haimo katika orodha ya nchi zinazosamehewa kipimo hiki, na Rwanda na Uganda vilevile hazimo, kwa hiyo kupitia kwa jirani hakufupishi njia.

Ukijumlisha, ni miezi 4 kamili, na kwa kawaida zaidi, tangu chipu hadi ndege. Viza ikitoka na ukaambiwa usafiri ndani ya wiki 6, mbwa hatakwenda nawe, hata ulipe kiasi gani. Ushauri wetu ni kwamba siku mnayofungua dosye ya watu, siku hiyohiyo mfungue ya mnyama. Ikiwa safari haitatokea, hamkupoteza kitu: mna mbwa aliyechanjwa.

Kuna faida nyingine. Kipimo cha damu kikikubaliwa na Ulaya kinabaki halali maisha yote ya mnyama, mradi chanjo inarudiwa kabla tarehe yake haijaisha. Ukichelewa siku moja tu, unarudi mwanzo kabisa. Andika tarehe hiyo mahali ambapo mama wa nyumba ataiona, maana baba husahau.

Karatasi ya mwisho ni cheti cha afya, kinachojazwa na kutiwa saini na veterineri wa serikali ndani ya siku 10 kabla ya kufika Ulaya. Hapa kwetu neno "wa serikali" linataka uangalifu. Ulizeni mapema, kwa ubalozi na kwa kampuni ya ndege, ni saini na muhuri wa ofisi gani vitakavyopokelewa, hasa mkianzia safari katika nchi jirani. Msingoje kujibiwa swali hilo kwenye dirisha la mizigo saa nane ya usiku.

Ulaya inaruhusu wanyama 5 kwa mtu mmoja, na mnyama asafiri pamoja na mwenyewe au ndani ya siku 5 kabla au baada yake. Mtu akikuomba umpitishie mbwa wake kama wako, kataa kwa upole, hata kama ni shemasi. Mnyama anayekwenda kukabidhiwa mtu mwingine anahesabiwa kama biashara, na biashara ina sheria zake nzito.

Uingereza inafuata karibu njia ileile: chipu, chanjo, damu, miezi 3. Mbwa anapewa pia dawa ya minyoo na veterineri, kati ya saa 24 na saa 120 kabla ya kufika. Tena, kwa ndege, mnyama anaingia Uingereza kama mzigo, kwa njia zilizokubaliwa tu. Hawezi kuingia nawe ndani ya kabini.

Marekani, Kanada na Australia

Marekani ilibadilisha sheria zake kuanzia Agosti 1, 2024, kwa hiyo anayekumbuka jinsi ndugu yake alivyompeleka mbwa zamani asimshauri mtu leo. Sasa mbwa anayeingia lazima awe na miezi 6 au zaidi, awe na chipu, na mwenyewe awe amejaza fomu ya CDC na kubeba risiti yake. Kongo imo katika orodha ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa, pamoja na Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya na Tanzania. Kwa mbwa aliyechanjwa huku kwetu kunatakiwa zaidi ya hapo: cheti cha chanjo na chipu kilichothibitishwa na veterineri wa serikali, na nafasi iliyolipiwa mapema katika kituo cha kupokea wanyama kilichoandikishwa na CDC. Vituo hivyo viko kwenye viwanja vichache tu: Atlanta, Los Angeles, Miami, Philadelphia, JFK wa New York na Dulles wa Washington. Tiketi yako ikishukia Chicago au Houston kwanza, mbwa hatapokelewa. Damu inachukuliwa siku 30 au zaidi baada ya chanjo ya kwanza na siku 28 au zaidi kabla ya kufika. Bila kipimo cha damu, mbwa anafungiwa siku 28 kwa gharama yako. Akikataliwa, anarudishwa alikotoka, na wewe ndiye unayelipa.

Paka wana bahati. CDC haidai chanjo ya kichaa kwa paka, inataka tu aonekane mzima, ingawa majimbo na kampuni za ndege zinaweza kuwa na masharti yao.

Kwa familia zinazokwenda kama wakimbizi waliokubaliwa na nchi ya tatu, tuseme wazi: safari zinazopangwa na IOM ni za watu na mizigo yao. Msijenge tumaini la mtoto juu ya mbwa kupanda ndege ile. Anayetaka mnyama amfuate, atamtuma baadaye kwa njia nyingine na kwa pesa yake, na pesa hiyo inaweza kupita tiketi ya mtu mzima. Mwambieni mtoto ukweli mapema, kabla hajamfungia mbwa vitu vyake katika kifurushi.

Kanada ina njia nyepesi kidogo kwa mbwa wa familia anayeandamana na mwenyewe. Tangu Septemba 28, 2022 imekataza mbwa wa biashara kutoka nchi zenye hatari kama yetu, na katika biashara inahesabu hata mbwa wa kugawiwa watu wengine bure. Australia haipokei kabisa mbwa au paka moja kwa moja kutoka kwetu; lazima kwanza apitie na kukaa katika nchi inayokubaliwa nayo, na hilo huchukua miezi mingi.

Kuvuka hapa karibu

Wengi wetu hatuendi mbali hivyo. Tunavuka Grande Barrière au Petite Barrière kwenda Gisenyi. Ndugu wa Bukavu wanapita Ruzizi, wa Rutshuru wanapita Bunagana, wa Beni na Butembo wanapita Kasindi. Na tangu vita vya Januari 2025 vifunge uwanja wa ndege wa Goma, hata safari ya mbali kwa wengi huanzia Kigali au Entebbe, kwa hiyo mbwa wa kwenda Ulaya anavuka mipaka miwili.

Jeto ya kuvukia inampa ruhusa mtu. Mnyama ni habari nyingine. Nchi jirani zinataka uthibitisho wa chanjo ya kichaa na cheti cha afya kutoka idara ya mifugo, na Kenya inataka pia kibali cha kuingiza kilichotolewa na idara yake ya veterineri kabla ya safari. Kwamba jirani yako alipita na mbwa asubuhi bila kuulizwa, hiyo ilikuwa asubuhi yake. Anayehamia nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ana msamaha wa ushuru kwa vyombo vyake vya nyumbani alivyokuwa akivitumia, lakini msamaha huo haufuti masharti ya afya ya wanyama.

Usimfiche mnyama. Tumesikia juu ya paka ndani ya mkoba wa nguo, na juu ya noti iliyokunjwa ndani ya pasipoti. Mnyama asiyetimiza masharti akigunduliwa Ulaya anaweza kurudishwa, au kufungiwa kwa gharama ya mwenyewe, na pale ambapo hakuna njia nyingine, kuuawa. Afadhali mbwa abaki Himbi kwa mjomba kuliko afe Brussels kwa sababu ya karatasi.

Tunajua vilevile kwamba huku kwetu si kila kuhama kunapangwa. Usiku wa Mei 22, 2021, Nyiragongo ilipolipuka, maelfu walivuka kwenda Gisenyi na kile walichoweza kushika mkononi. Hakuna anayetafuta veterineri usiku kama ule. Lakini kitabu cha chanjo cha mbwa kinaweza kukaa katika bahasha moja na vyeti vya watoto, ile bahasha ambayo kila nyumba ya Goma inajua iko wapi. Hakilemei.

Wasiohesabiwa kuwa wanyama wa nyumbani

Kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ambaye wengine wanamfuga mpaka anasalimia wageni, hatoki. Tangu Januari 2017 yumo katika orodha ya juu kabisa ya mkataba wa kimataifa wa CITES, pamoja na sokwe. Kumpitisha mpakani kunataka vibali vya nchi mbili, na kwa ndege aliyekamatwa msituni kwa ajili ya kuuzwa sokoni, msivitegemee. Tumbili na sokwe mtoto, hata kama "tulimwokoa tu", ni kosa. Sheria yetu ya uhifadhi ya Februari 11, 2014 inawalinda, na mahali pa kuulizia ni ICCN. Sokwe wanaokamatwa mikononi mwa watu hupelekwa kituo cha Lwiro, Kivu Kusini, ambako wanatunzwa vizuri kuliko sebuleni kwa mtu yeyote.

Mbuzi, kuku, sungura wa kufuga: wauzeni au wagawieni jamaa. Nyama na maziwa havingii Ulaya hata kidogo kidogo katika sanduku, na nyama ya msituni msijaribu kabisa. Samaki mkavu anaruhusiwa hadi kilo 20 kwa matumizi yako mwenyewe, kwa hiyo mwenye hamu ya sambaza asikate tamaa.

Akibaki

Kwa familia nyingi jibu litakuwa kwamba mbwa anabaki. Hilo si dhambi. Lakini kubaki kuwe na mtu na tarehe. Tunaomba wazee wa parokia wasaidie hapa, kwa maana wanajua ni nani katika washirika ana parseli yenye uzio na roho ya kufuga. Mbwa akabidhiwe wiki kadhaa kabla ya safari, ili azoee sauti mpya wakati ile ya zamani bado inaweza kuja kumtembelea. Achanjwe kabla ya kukabidhiwa, na kitabu chake kikabidhiwe pamoja naye. Anayempokea aulizwe waziwazi kama ataweza kulipia chanjo ya mwaka unaofuata. Kama hawezi, wanaoondoka waache pesa hiyo kwa mzee wa kanisa. Kwa kiasi tunachotuma kwa ajili ya harusi, hii ni ndogo.

Kumfungua usiku na kuondoka asubuhi ni jambo baya, na tumeliona likifanywa na watu wema waliozidiwa na haraka. Mbwa huyo anabaki akilala mbele ya lango lililofungwa. Baada ya siku chache anakwenda kwenye takataka za soko, anakutana na mbwa wengine, na chanjo yake ikipita muda hakuna wa kumkumbuka.

Na ikiwa mtoto ameumwa na mbwa, wa mitaani au wa jirani, aliyechanjwa au asiyejulikana: osheni jeraha mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, bila kupaka majani wala mafuta, na mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo aanzishiwe chanjo. Msingoje kuona kama mbwa ataugua. Jeraha dogo la jino moja linatosha, na mikwaruzo pia. Muulizeni mwenye mbwa kitabu chake, lakini mtoto awe tayari yuko njiani kwenda kwa daktari.